Mapigo Sabini na Mawili

Sura ya Nane

Ambokile Mwaisumo hakuwa mtu wa haraka. Aliizungusha mashine ya moyo juu ya meza yake, akaipuliza vumbi, akaigonga ubavuni kwa kidole kama mama anayechagua tikiti sokoni, kisha ndipo akauliza imetoka hospitali gani.

"Hilo baadaye," alisema Inspekta Faustina Nyenza. "Kwanza niambie kama ni nzima au ni mbovu."

Swali hilo ndilo lililomtoa Iringa jana yake na kumlaza Mbeya kwenye nyumba ya wageni yenye blanketi fupi. Alikuwa ameuliza huku na huko nani anaweza kupima mashine ya aina ile, na kila aliyemuuliza alimtajia jina moja tu, fundi Ambokile wa Mwanjelwa, nyuma ya duka la vipuri la Shabbir. Faustina alitegemea kukuta karakana ya maana. Alikuta chumba kimoja chenye meza moja na dirisha moja, na mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu aliyevaa sweta mbili.

Ijumaa iliyopita, Ponsiana Kalinga, mwalimu wa shule ya msingi, alifanyiwa operesheni ya uvimbe katika hospitali moja ya misheni kwenye milima ya Mufindi. Operesheni ilikwenda vizuri. Saa tatu na nusu asubuhi alilazwa chumba cha uangalizi, mashine ya moyo ikiwa pembeni yake. Muuguzi wa zamu, Goodness Mwalyego, aliandika mapigo ya moyo wake kila nusu saa: sabini na mawili, sabini na mawili, sabini na mawili, mpaka saa saba mchana. Saa saba na robo daktari alipopita alimkuta amekufa, taya limekwisha kukaza. Alikuwa amevuja damu ndani kwa ndani.

Taya la maiti halikazi kwa dakika kumi na tano. Huchukua saa mbili au zaidi. Polisi wa Mafinga walipiga hesabu hiyo wakaona kesi imejimaliza yenyewe: muuguzi alikuwa mahali anakunywa chai, akajaza karatasi kwa kubuni. Mama wa marehemu, Tekla, ambaye naye ni mhudumu wa wodi katika hospitali hiyohiyo kwa miaka ishirini na miwili, alikwenda mwenyewe kituoni Jumamosi kufungua jalada. Leo ilikuwa Jumatano. Kesho saa tatu asubuhi Goodness angepandishwa kizimbani kwa kuua bila kukusudia. Ana miaka ishirini na sita. Kila alipohojiwa alisema jambo moja, akalirudia hadi askari wakachoka naye: niliandika nilichokiona.

Kila mtu aliridhika, na Faustina naye nusura aridhike. Lakini ana tabia moja inayowaudhi wakubwa zake, ya kutaka kila kitu akishike kwa mkono wake mwenyewe. Aliomba kumbukumbu ya mashine ichapwe kwenye karatasi. Mashine nayo ilikumbuka sabini na mbili, asubuhi nzima.

Muuguzi anaweza kuidanganya karatasi. Mashine je, nani alikuwa ameidanganya?

Ambokile alifungua droo akatoa kisanduku cha sabuni, cha plastiki, rangi ya bluu, kile kile wanachouza sokoni kwa wanafunzi wa bweni. Ubavuni kilikuwa na vichwa vitano vya bolti. Alivibana vibanio vya nyaya za mashine kwenye bolti, kimoja kimoja, akaiwasha mashine, akarudi nyuma. Mstari wa kijani ulipanda na kushuka, na pembeni ikatokea namba. Sabini na mbili.

"Mashine ni nzima," alisema. "Haina tatizo lolote."

Faustina alimuuliza kile kisanduku ni kitu gani, na hapo mzee akachangamka. Alieleza kwamba ukitaka kujua kama mzani ni mzima unaweka jiwe ambalo uzito wake unaujua. Mashine ya moyo nayo inahitaji moyo ambao mapigo yake yanajulikana. Vipimo hivyo vipo, vinatoka nje, lakini kimoja ni bei ya pikipiki mpya, kwa hiyo hospitali ndogo hazinavyo, na mashine zao zinakaa miaka kumi hakuna anayejua kama zinasema kweli. Yeye alitengeneza cha kwake. Kisanduku cha sabuni, betri mbili za rimoti, kachipu kamoja, bolti tano. Mwanzoni kilikuwa na swichi ya kuchagua moyo wa mbio, wa polepole na wa mtu mzima, na taa nyekundu ya kuonyesha kinafanya kazi. Hospitali zikasema bado ni ghali. Akaondoa swichi. Akaondoa na taa, maana ilikuwa inakula betri.

"Kikabaki na moyo mmoja," alisema. "Wa mtu mzima aliyelala. Sabini na mbili."

Faustina aliitoa karatasi kwenye jalada akaitandaza mezani. Ambokile alivaa miwani akainama. Alikaa hivyo kwa muda, kidole kikifuata mstari, kisha akauliza mgonjwa huyu alikuwa katika hali gani.

"Alikuwa amekufa."

Fundi hakuinua uso. Alivuta kioo cha kukuzia akakiweka juu ya karatasi, halafu akamwita Faustina asogee. Baada ya kila pigo, pale mstari unapotelemka kupumzika, palikuwa na kinundu kidogo kama chembe ya mchele. Alimwonyesha kinundu hichohicho kwenye kioo cha mashine, mbele yao, kikipita na kupita.

"Mchoro wa pigo niliuchora mwenyewe, nukta mia mbili," alisema. "Hapa nilikosea nukta mbili. Nikasema haidhuru, mashine inahesabu tu, hainung'uniki. Hakuna moyo wa mtu wenye hiki kinundu, afande. Huyu si mgonjwa. Hiki ni kisanduku changu."

Faustina alimtajia hospitali. Ambokile alivua miwani. Ndiyo, aliwapelekea kimoja mwezi wa tano, akawaelekeza wakifunge kwa dakika tano kila Jumatatu, wakifungue, wakitundike msumarini. Mwezi wa sita alipita kule akakuta kimefungwa na si Jumatatu. Walimweleza kwamba mashine ikikosa mgonjwa inapiga kelele ya kuamsha wodi nzima, na swichi yake imechoka, ukiizima asubuhi ya baridi haiwaki tena mpaka jua litoke. Basi walikuwa wamegundua kwamba wakiifunga kile kisanduku inanyamaza.

"Ukawaambia nini?"

"Nilicheka," alisema Ambokile. "Niliona ni akili. Nilicheka, afande, nikanywa chai yao nikaondoka."

Faustina alimuuliza ametengeneza vingapi. Kumi na viwili, katika hospitali kumi na mbili. Alimwambia apige simu kwa zote, sasa hivi, mbele yake, awaambie kisanduku kisifungwe kitandani hata dakika moja. Mzee alipiga. Kwenye simu ya tatu ilibidi aletewe maji kutoka duka la Shabbir ndipo aendelee.

Kutoka Mbeya hadi Mafinga ni mwendo wa saa nne na ushee kama malori yakikuachia njia, na siku hiyo hayakumwachia mtu. Koplo Jailos aliendesha. Hadi Igawa alikuwa amekwisha kumpata mkosaji wake, yaani Adrian Mgaya, mtu wa dawa ya usingizi, kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa Ponsiana chumba cha upasuaji, na yeye ndiye mwenye dhamana ya vifaa. Faustina hakubishana naye. Alikuwa anasoma upya taarifa ya daktari aliyeupasua mwili Iringa. Katika ukurasa wa pili iliandikwa kwamba kifuani hakuna alama ya stika wala ya vibanio. Mstari huo alikwisha kuusoma mara tatu wiki ile, na mara zote tatu aliupita kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Sasa aliona aibu. Chini yake palikuwa na jambo jingine lililomsumbua tangu mwanzo, ambalo daktari wa zamu aliliandika kwa mshangao: taya limekaza, lakini mwili una joto.

Walifika hospitalini saa tisa na nusu. Baridi ya Julai ilikuwa bado haijaondoka kwenye kuta. Adrian aliwapokea ofisini kwake, kijana nadhifu, kola imenyooka, na Faustina alianza na kile kisanduku. Kiko wapi?

"Kimepelekwa Mbeya kwa fundi," alisema Adrian. "Kilikuwa kinasumbua."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Mimi natoka Mbeya sasa hivi. Nimekaa na fundi huyo tangu saa mbili asubuhi. Hajakipokea."

Jailos alimtupia bosi wake jicho la nilikwambia. Adrian aliangalia sakafu, kisha akasema ukweli, na ulikuwa mdogo kuliko uongo wake. Jumamosi asubuhi aliona kisanduku hakipo msumarini. Aliogopa, kwa sababu kipo chini ya sahihi yake na watu wanakamatwa. Hajui kilikokwenda. Faustina alimwamini, maana mtu aliyekificha angekuwa amekwisha tafuta hadithi iliyo bora zaidi.

"Nani alimfunga Ponsiana nyaya?"

"Hiyo ni kazi ya muuguzi, afande."

"Muuguzi anasema ni wewe."

"Mimi nilikuta ameshafungwa. Moyo ulikuwa unasoma. Sabini na mbili, vizuri kabisa, nikajua sista ameshamaliza."

"Uliiona hiyo namba ukiwa umesimama wapi?"

"Mlangoni. Ndiyo naingia na machela."

"Na Ponsiana alikuwa wapi?"

Adrian alitazama mikono yake kana kwamba ilikuwa bado imeshika vyuma vya machela.

"Alikuwa juu ya machela," alisema.

"Rudia kwa sauti. Koplo anaandika."

Akarudia. Halafu akaanza kulia, na Faustina akamwacha alie.

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe, na hakuna hata moja lililokuwa ovu. Adrian alikuta mashine inasoma, akaamini Goodness amekwisha funga. Alimhamishia mgonjwa kitandani, akamfunika hadi kidevuni kwa sababu ya baridi, akarudi mbio kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa mezani. Goodness alikuwa mlango wa pili na wagonjwa ishirini na wawili. Aliporudi alikuta mgonjwa amelala, nyaya zinaingia chini ya blanketi, mashine inasoma. Akaamini Adrian ndiye aliyefunga. Kipimo cha presha kilikuwa kimeazimwa na wodi ya wazazi. Daktari alikuwa ameagiza mgonjwa asifunuliwe, aachwe alale. Kila nusu saa Goodness alisimama mlangoni, akasoma namba, akaandika alichokiona. Kama nyaya zingekuwa kifuani kwa Ponsiana, moyo wake ulipoanza kukimbia kwa kukosa damu mashine ingelia, na palikuwa na muda wa kumrudisha mezani.

Lakini mtu fulani alikuwa amefunga kisanduku kabla, na akakiweka ndani ya kitanda. Faustina aliuliza blanketi zinakwenda wapi mgonjwa akifa.

Zinakwenda kwa Yotamu, dobi, kwenye banda la nyuma lenye tangi la maji ya moto. Yotamu alikuwa mzee mcheshi mwenye sikio moja zito, na alikuwa na rafu ambayo aliweka kila kitu kilichowahi kudondoka kutoka kwenye shuka za watu: rozari saba, kalamu, kijiko, seti nzima ya meno ya bandia ambayo alisema inamngoja mwenyewe. Katikati ya meno na rozari kilikaa kisanduku cha bluu.

"Nikajua sabuni ya mtu," alisema. "Nilipokung'uta blanketi Ijumaa kalidondoka, na zile chupa mbili."

"Chupa zipi?"

Yotamu alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu wa mjini. Kitanda cha mtu wa operesheni kinapashwa moto, alieleza. Wahudumu wanaweka chupa za maji ya moto ndani ya blanketi saa moja kabla. Tangu enzi za masista wa Kizungu ni hivyo. Na kale kaboksi nako wanakaweka humohumo karibu na chupa, kwa sababu betri zake zikipata baridi ya huku zinazimia, na mashine inaanza makelele yake. Akija mgonjwa kanatolewa.

Faustina alielewa kwa nini mwili ulikuwa na joto. Alielewa pia kwa nini hakuna aliyeshtuka alipougusa. Aliuliza nani alikuwa mhudumu wa zamu Ijumaa, na Yotamu akapunguza sauti.

"Wa zamu hakutandika, afande. Kitanda kile alitandika mama yake mwenyewe. Alikuwa amechukua ruhusa, lakini akasema mwanangu nitamtandikia mimi. Alikuja na blanketi lake kutoka nyumbani, jipya. Ndiyo hilo hapo, nimelifua, sijui nimpelekee vipi."

Lilikuwa blanketi la bluu lenye maua meupe, limekunjwa vizuri mno.

Faustina alikwenda chumba cha uangalizi. Jailos alibeba mashine kutoka garini, wakaiwasha, wakasubiri ipige kelele zake. Faustina alibana nyaya kwenye bolti za kisanduku, mmoja baada ya mwingine. Kelele zikakoma. Mstari wa kijani ukaanza kupanda na kushuka, na kinundu chake nyuma ya kila pigo, siku ya tano tangu Ponsiana afe. Sabini na mbili. Jailos alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Lile jina langu la Adrian lifute, afande," alisema.

Nyumba ya Tekla ilikuwa chini ya kilima, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, mahali msitu wa misonobari unapoanzia. Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa. Wanaume walizunguka moto wa magogo nje, wanawake walikaa juu ya mikeka ukumbini. Faustina aliwasalimu wote kwa zamu, kamwene ya kienyeji kwa huyu na shikamoo kwa yule, akatoa pole, akakaa chini pamoja na wanawake mpaka alipoletewa chai na kuinywa yote. Ndipo akamwomba mama mwenye msiba wazungumze chumbani. Jailos alibaki kwenye moto.

Tekla alikuwa na miaka hamsini na saba na mgongo ulionyooka. Alikaa kitandani, akampa mgeni kiti.

"Amekubali?" aliuliza.

"Goodness? Hapana, mama."

"Mimi sitaki afungwe miaka. Nataka aseme tu. Aseme mbele yangu kwamba alimwacha." Alivuta khanga mabegani. "Mimi nilimwacha mwanangu mzima, saa sita, nikaenda kumpikia uji. Nimerudi na uji wangu nimekuta watu mlangoni. Amekufa peke yake kama hana kwao, na wodini kwangu. Wagonjwa wangapi nimewashika mikono mle ndani mpaka wakaenda, afande? Na wa kwangu amekwenda peke yake."

Faustina alitoa kisanduku cha bluu mfukoni akakiweka kwenye stuli kati yao. Alikuwa amefikiria njia nyingi za kuanza, zote zikaonekana za uoga.

"Hicho ni nini, mama?"

"Si kaboksi ketu hako? Kamefikaje kwako?"

"Kana kazi gani?"

"Kanatuliza mashine. Ukikafunga hailii."

"Ijumaa ulikaweka wapi?"

"Kitandani, pale kwenye chupa, kasipate baridi. Nilikafunga na nyaya zake mapema. Sikutaka mwanangu aletwe pale anakuta kelele."

"Alipoletwa, nani alitoa nyaya kwenye hicho kisanduku akamfunga yeye?"

Tekla alisema mambo ya kifuani ni ya wenye vyeti, si ya mhudumu. Yeye hajawahi kuyagusa. Wakati Ponsiana anaingizwa alikuwa koridoni anangoja ruhusa, na alipoitwa alikuta kila kitu tayari, mtoto amefunikwa vizuri na mashine inasoma. Alivuta kiti akakaa. Alizungumza bila wasiwasi, kisha akaanza kupunguza mwendo, neno kwa neno, macho yakiwa kwenye zile bolti tano. Mtu aliyefanya kazi hospitali miaka ishirini na miwili hahitaji kuelezwa mara mbili. Faustina hakumsaidia na hakumkatiza. Lilikuwa jambo baya kulitazama.

"Sabini na mbili," alisema Tekla.

"Ndiyo."

"Nilikuwa naiangalia. Kila nikiingiwa na hofu naiangalia, inaniambia sabini na mbili. Nilimshika mkono ndani ya blanketi. Ulikuwa wa moto."

"Zilikuwa chupa, mama."

Tekla aliweka viganja vyote viwili juu ya magoti akaanza kujisugua taratibu. Nje mtu alitupa gogo motoni, wanaume wakasogeza viti. Faustina alimweleza yaliyompasa kumweleza, kwamba halazimiki kusema chochote, kwamba atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani, kwamba anaweza kumwita ndugu au wakili. Alieleza polepole na kwa ukamilifu, kwa sababu hapo ndipo alipotamani zaidi kuruka hatua.

"Nikisema hayo, Goodness anatoka?"

"Anatoka leo. Baraza la wauguzi litamwita aeleze kwa nini hakumgusa mgonjwa. Lakini kizimbani hatapanda."

"Na mimi?"

"Sijui, mama. Nitaandika yote, ya Adrian na ya Goodness na ya fundi na ya kwako. Wakili wa serikali ndiye ataamua. Sitaki kukudanganya."

Tekla alitikisa kichwa kukubali. Kwa muda alionekana kama anapanga nani atakayebaki na wageni. Kisha akauliza lile ambalo Faustina alikuwa analiogopa tangu bandani kwa Yotamu.

"Alikata roho saa ngapi?"

Daktari wa Iringa alikuwa amejibu swali hilo kwenye simu jioni hiyo, baada ya kuambiwa habari za chupa. Faustina angeweza kusema haijulikani. Alikuwa na cheo cha kutosha kusema hivyo, na mbele yake alikuwa mama aliyefiwa.

"Kabla ya saa tano."

"Saa tano nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Sikutoka mpaka saa sita. Hata haja sikwenda."

"Najua, mama."

"Nilikuwa namsimulia habari za shamba, nikijua ananisikia usingizini. Nimemshika mkono." Alijikunja mbele, uso magotini, akalia bila kutoa sauti, kama watu wanaolia wakiwa na wageni sebuleni. Faustina alihama kutoka kwenye kiti akakaa kitandani ubavuni kwake. Hakujua cha kufanya na mikono yake, akaiweka mgongoni kwa yule mama akaiacha hapo.

Ilipita robo saa, pengine zaidi. Tekla alijifuta kwa pembe ya khanga.

"Kwa hiyo hakuwa peke yake," alisema.

"Hapana. Hakuwa peke yake."

"Basi andika."

Faustina aliandika. Tekla alisema kila kitu kwa mpangilio, saa aliyofika, blanketi, chupa, nyaya, na hakumsingizia mtu wala kujipunguzia. Alisema pia kwamba maneno aliyoyaandikisha Jumamosi juu ya Goodness Mwalyego si kweli, na kwamba yule binti ana mama yake huko Chimala ambaye tangu Jumamosi hajalala, aambiwe leo hii. Ilipofika mwisho aliomba jambo moja liongezwe.

Faustina alimweleza kwamba kisheria halihitajiki. Alimweleza wazi kwamba sentensi hiyo ndiyo itakayomweka pale kitandani, saa ileile, nyaya zikiwa mbele ya macho yake, na kwamba wakili yeyote mwenye akili angemshauri iondolewe. Alimwomba afikirie mpaka kesho.

Tekla alisema iandikwe.

Ikaandikwa, mstari wa mwisho wa karatasi: Binti yangu alipokufa nilikuwa naye, nimemshika mkono. Tekla aliusoma mara mbili kwa kunong'ona, akachukua kalamu, akatia sahihi chini yake.